Mvua ya Molo

Mabati ya chumba cha walimu yakianza kupigwa
hatusikizani tena, tunanyamaza wote,
na Soraka, ndivyo watoto wanavyomwita,
maana jina lake halisi liliwakwama kooni,
anashika kikombe kwa mikono miwili, anasema:
"Kwetu ni hivihivi. Hata Juni ni hivihivi."

Miaka ishirini na miwili nimefundisha Kiingereza.
Nimefundisha theluji kwa chaki,
nimefundisha mwavuli, foleni, chai ya saa kumi,
na bwana mmoja wa ukurasa wa hamsini na tatu
anayekanyagwa mguu, halafu yeye ndiye anayeomba radhi.
Niliposomea Bradford, msimu mmoja wa baridi,
nilimtafuta. Nilimkuta kituo cha basi.
Nikamkanyaga kweli, akasema samahani,
tukazungumza habari za mawingu dakika kumi nzima
bila yeyote kumuuliza mwenzake jina.
Usiku huo nililia. Sijui kwa nini.
Labda nimezoea salamu zinazofika hadi zizini,
zikauliza na ng'ombe ameamkaje.

Soraka hucheka nikimsimulia haya.
"Hao ni Waingereza," anasema. "Sisi tungekuuliza
baba yako ni nani, na amezikwa wapi."
Basi nyinyi, nikamwambia, ni watu wa Molo.

Siku alipotaja kwao, Mayo,
Mwalimu Ogola wa Kemia aliinua kichwa daftarini:
"Kwa Kijaluo hilo ni kunyang'anya."
Soraka akanyamaza kidogo.
"Ndiyo," akasema. "Na kwetu pia."

Viazi vilikuwa mezani, vimechemshwa na maganda yake,
viazi vya shamba la shule, udongo mweusi bado machoni.
Alivimenya kwa kucha, taratibu,
kama mtu anayefungua barua asiyoitaka.
Nyanya wa nyanya yake, alisema, alizaliwa
mwaka viazi vilipooza ardhini,
na magunia ya nafaka yakipita barabarani
kuelekea bandarini, yakisindikizwa na bunduki.

Kisha akachukua chaki, akachora kijiti ubaoni.
"Hiki kilining'inizwa shingoni mwa mtoto.
Kila neno la kwao, chale moja.
Jioni mwalimu anazihesabu chale, anachapa."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikwenda kabatini,
rafu ya chini, nyuma ya kengele iliyopasuka,
nikamtolea kibao cha msonobari, kamba yake ya katani,
kimeng'aa kwa jasho la shingo ndogo.
Nilikivaa shuleni hapa hapa, darasa la tatu,
mvua iliponikuta uwanjani
nikapiga kelele *mbura!* kabla sijakumbuka.
Viboko vinne.

Na hapa naandika polepole:
mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilikivisha watoto.
Mmoja aliitwa Chelagat.
Alikuwa ameomba maji, kwa lugha ya mama yake.

Soraka alikipima kibao mkononi, akakigeuza,
akanusa kamba. Hakuniambia kitu.
Chini ya kijiti chake aliandika *báisteach*,
neno linaloishia kwa kikohozi,
alilojifunza ukubwani, kwa kanda, kama mgeni,
maana nyanya yake hakumpa hata moja:
alikataa, akaogopa kumwachia mjukuu alama za shingoni.
Nikaandika *mbura*. Ogola, kwa mwandiko wake wa daktari, *koth*.
Mvua yenyewe iliendelea tu juu ya mabati,
haikuitika lolote.

Nilitaka kukichoma. Jiko lilikuwa limezimika,
kuni zimelowa. Ogola akakisukuma
chini ya mguu mfupi wa meza,
kengele ikalia, nikabeba vitabu vya kipindi cha sita.

Meza bado hutikisika, kidogo.